Naomba ushauri: kwenda Ujerumani kama mtafiti mgeni kusoma miswada ya Lamu

Binti Shela

Assalaam alaykum, na habari zenu nyote.

Mimi ni mhadhiri wa Kiswahili katika chuo kimoja hapa Pwani ya Kenya. Nilimaliza uzamivu mwaka juzi. Ninachokitafiti ni tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, hasa zile zilizopita mkononi mwa Muhamadi Kijuma wa Lamu. Wanaomjua Kijuma wanajua alikuwa mwandishi wa hati, mchongaji na mtunzi, na kwamba Wazungu waliotaka tenzi walimwendea yeye awanakilie. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi ya mkono wake leo haiko Lamu. Nyingine iko London, pale SOAS, chuo cha taaluma za Mashariki na Afrika, katika mkusanyo wa William Hichens. Nyingine iko Berlin, katika maktaba ya Staatsbibliothek, miongoni mwa alivyokusanya mtaalamu wa Kijerumani, Ernst Dammann, huku kwetu miaka ya 1930.

Za London nyingi nimezisoma kwenye intaneti. Za Berlin nimezisoma katika katalogi tu, ile iliyochapishwa mwaka 1993, na roho yangu haijatulia. Nataka kuziona kwa macho.

Nimempata profesa mmoja wa Kiswahili katika chuo kikuu cha huko. Hanijui. Nimeandika rasimu ya barua kwa Kiingereza, na maana yake ni hii: “Mheshimiwa Profesa, mimi ni mhadhiri kutoka Kenya. Ningependa kupata nafasi ya kuwa mtafiti mgeni katika chuo chako chenye sifa duniani kote ili kuendeleza taaluma yangu. Nitashukuru sana ukinisaidia kuhusu ufadhili na viza. Naambatisha wasifu wangu, vyeti vyangu na muhtasari wa tasnifu.”

Maswali yangu ni haya. Nianze na nani: profesa, wafadhili au ubalozi? Miezi mitatu inatosha? Kuna chuo cha Marekani nilichokichungulia, kinamtoza mtafiti mgeni ada. Hiyo ni kawaida? Na la mwisho, nina mtoto wa miaka minne. Baba yake yuko tayari kubaki naye, lakini jamaa wameanza kunong’ona. Waliopita njia hii naomba mnieleze.

Kombo wa Wete

Waalaykum salaam, dada. Mimi nilikwenda Leiden, Uholanzi, ambako kile Kituo cha Taaluma za Afrika kina nafasi za kupokea watafiti wageni kutoka Afrika. Utaratibu wa karatasi haupishani sana na wa Ujerumani.

Mwenyeji kwanza, fedha pili, viza mwisho. Huwezi kugeuza, maana kila mmoja anadai karatasi ya aliyetangulia. DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi na wahadhiri, wana ufadhili wa ziara za utafiti kwa wahadhiri, mwezi mmoja hadi mitatu, na maombi yake yanataka barua ya mwenyeji inayothibitisha kuwa utapewa mahali pa kufanyia kazi. Ofisi yao ya kanda iko Nairobi. Waulize tarehe ya mwisho ya mwaka huu kabla hujapanga lolote.

Viza: siku 90 au pungufu unaomba ya Schengen, ile ya muda mfupi ya nchi nyingi za Ulaya, ada yake euro 90, na bima ya afya isiyopungua euro 30,000. Ukizidisha hapo unaomba viza ya kitaifa, euro 75, na chuo hukuandikia mkataba wa kukupokea kama mtafiti. Hesabu siku, dada, usihesabu miezi. Kuanzia Aprili mosi hadi Juni 30 kila mtu atakwambia ni miezi mitatu, kumbe ni siku 91, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zimo kwenye hesabu.

Ukienda kwa muda mrefu, ndani ya wiki mbili tangu uhamie kwenye chumba unatakiwa ujiandikishe katika ofisi ya wakazi, na hapo wanataka karatasi iliyotiwa saini na mwenye nyumba. Wako wenye vyumba wasiotaka kutia saini. Muulize kabla hujampa senti. Kuna na mchango wa redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, uwe na televisheni usiwe nayo. Kama chuo kina nyumba ya wageni, iombe hiyo mapema, utaepukana na mengi.

Mzee wa Pangani

Mwanangu Binti Shela, nimefurahi kusoma ujumbe wako mpaka nilipofika kwenye barua. Sasa nitasema nawe wazi, kwa sababu kazi unayotaka kuifanya ina thamani na naitaka ifanyike.

Mimi nimekuwa mgeni Leipzig, na baadaye, huku Dar es Salaam, nimekuwa mwenyeji wa wageni wengi kutoka Ulaya na Marekani. Barua za namna hii nimeziandikiwa kwa miaka. Nakwambia anayoyaona anayezipokea.

Barua yako haimhusu yeye. Futa jina lake, weka la profesa wa kilimo Japani, itakwenda vilevile. Inasema unataka kuendeleza taaluma yako, na hilo kila mtu analitaka. Inamsifia chuo chake, naye anakijua kuliko wewe. Halafu katika sentensi ya tatu tu tayari umemwomba fedha na viza, mambo mawili ambayo kwa kawaida hayamo mkononi mwake. Kilicho mkononi mwake ni kiti, meza, kadi ya maktaba, saini yake, na muda wa kuzungumza nawe. Omba hivyo.

Na ile hazina yako umeificha kwenye viambatisho! Kwetu hapa, katika aya mbili, umetaja Kijuma, umetaja Hichens, umetaja Dammann, umetaja katalogi ya 1993. Nilikaa vizuri kitini. Kwa profesa hukutaja hata kimoja. Kwa nini sisi tupate nyama naye apewe mchuzi?

Hebu fikiri una nini. Hati za Kiarabu zina alama tatu za irabu na Kiswahili kina irabu tano. Katika miswada mingi ya zamani e na i zinaandikwa sawa, o na u sawa, na b inaweza kusimama mahali pa p au mb. Anayesoma lazima awe analijua neno kabla ya kuliona. Juu ya hapo lugha yenyewe ni Kiamu, lahaja ya Lamu, cha watunzi, yenye maneno ambayo mwanafunzi wa kigeni anayatafuta kwenye kamusi na hayapati, nawe umeyasikia tangu utoto yakighanwa. Kusoma ukurasa wa Kijuma bila kusitasita ni ujuzi walio nao watu wachache sana, na wengi wao wanatoka mitaa ya kwenu. Mwenyeji akikupokea, idara yake inapata mtu huyo kwa siku 90. Mwambie hivyo kwa heshima, lakini mwambie.

Sasa swali atakalokuuliza, au atakaloulizwa na wafadhili: picha hazitoshi? Lijibu kabla halijaulizwa. Picha haikuonyeshi alama ya maji iliyo ndani ya karatasi. Wino wa mwandishi na wa mtu aliyekuja kusahihisha baadaye, katika picha hugeuka rangi moja. Picha nyingine zimekata pambizo, na pambizoni ndiko mnakili anakosema na msomaji. Kama unataka kujua tenzi zilinakiliwa kwa ajili ya nani na zikabadilishwa vipi kwa kuwa mnunuzi ni Mzungu, kwa mfano kama utangulizi ulifupishwa au maneno ya Kiamu yalifafanuliwa, basi unahitaji karatasi yenyewe. Hilo ndilo swali lako la utafiti, au lingine, lakini liwe moja na liwe na ncha. “Kusoma miswada” si swali.

Taja miswada yenyewe kwa namba zake za katalogi. Mitatu, minne. Usitaje thelathini. Mtu anayetaja mitatu kaishasoma katalogi na anajua siku 90 ni ngapi.

Kabla ya hayo, je, umeshafika Dar? Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo mkubwa wa miswada ya Kiswahili, na J.W.T. Allen aliutolea orodha mwaka 1970. Basi la Mombasa na Dar unalijua. Mwenyeji atakayesikia kwamba umeshalinganisha na vilivyoko Dar ataiona safari ya Berlin kama hatua inayofuata ya kazi iliyokwisha kuanza.

Jambo lingine ambalo vijana hawaamini nikiwaambia: mwandikie kwa Kiswahili. Ni profesa wa Kiswahili. Anakifundisha, anakiandikia makala, anakitumia akiwa Lamu na Unguja. Wewe mtu wa Shela unamwandikia kwa Kiingereza kilichonyooshwa kama cha karani, naye ana kila siku barua za namna hiyo. Mwandikie Kiswahili chako kizuri, kifupi, chenye adabu ya kwetu. Hiyo barua peke yake itamwonyesha kalamu yako kuliko cheti chochote. Mpango wa utafiti wa kupeleka kwa wafadhili uandike kwa Kiingereza, kwa kuwa kamati ndiyo itakayousoma.

Kisha mwambie utaacha nini. Darasa la kusoma hati pamoja na wanafunzi wake, saa mbili kwa wiki. Mhadhara mmoja. Masahihisho ya maelezo ya katalogi pale utakapoona jina limesomwa visivyo. Lakini weka mpaka na uuandike: saa mbili ni saa mbili. Nimeona mgeni aliyekubali kila alichoombwa, akawa mwalimu asiyelipwa wa idara nzima, na miswada aliyoifuata akaiona wiki ya mwisho.

Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize kuliko kote. Kabla hujapanda ndege, mkubaliane kwa maandishi kuhusu kitakachochapishwa. Nani ni mwandishi, jina la nani linatangulia, usomaji wako wa hati ukitumika katika mradi wao unatajwaje. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Maandishi juu ya desturi za Waswahili yaliyotoka mwaka 1903, ambayo sehemu kubwa ni kalamu yake, yakajulikana kwa miaka mingi kwa jina la Carl Velten aliyeyahariri. Amur bin Nasur wa Unguja alikuwa amefundisha pale pale kabla yake. Watu wa pwani hii wamekuwa walimu Ujerumani tangu Seminari ile ilipoanza mwishoni mwa karne ya 19, na mara nyingi wameandikwa kama “watoa habari”. Wenyeji wa leo wengi ni watu waungwana na wanalijua jambo hili vizuri, ukilitaja hawatachukia. Asiyetaka kulizungumza, shukuru umejua mapema.

Ada hiyo ya Marekani sitaisemea. Vyuo vya umma vya Ujerumani nilivyovijua mimi havimtozi mtafiti mgeni kiti, ila uliza.

Chuo chako nacho kikupe ruhusa kwa maandishi, ikisema tarehe, ikisema mshahara unaendelea au umesimama, na kwamba kazi yako inakungoja. Ubalozi utaitaka na wafadhili wataitaka. Anza kuifuatilia sasa, kwa sababu faili hupenda kulala kwenye meza ya mtu aliye likizoni.

Andika barua upya uilete hapa.

Salma, Madison

Dada, niongeze la Marekani kwa kuwa uliuliza. Ndiyo, viko vyuo huku vinavyotoza mtafiti mgeni ada, vingine ndogo vingine ya kuumiza, na viko visivyotoza. Wengi wa wageni hawa hawalipwi na chuo. Chuo kinakupa jina, kadi na chumba cha kusomea, fedha unakuja nazo.

Viza huwa ni ya J-1, ile ya wageni wa kubadilishana, na ndani yake kuna makundi. Ukija kama mtafiti wa muda mfupi, kikomo ni miezi sita na hakiongezwi. Ukija kama mtafiti wa kawaida unaweza kufika miaka mitano, lakini ukimaliza, hata kama ulikaa miezi mitatu tu, unazuiwa kurudi katika kundi hilo kwa miezi 24. Kwa hiyo anayekuja kwa muda mfupi aombe kundi la muda mfupi, na aombe kabla chuo hakijatoa fomu. Bima nayo ina masharti yake: dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, 50,000 za kusafirishwa mgonjwa, 25,000 za kurudisha maiti. Usinunue ya rahisi bila kusoma.

Sasa la mtoto. Mimi nilimwacha wangu na bibi yake, nami nilisemwa. Nilichofanya ni kukaa na mama yangu na wifi zangu kabla sijaomba chochote, nikawaeleza naenda kufanya nini na narudi lini, nikaacha bajeti ya ada ya shule ya chekechea na ya hospitali. Walioshirikishwa ndio waliowanyamazisha wengine. Miezi mitatu mtoto wa miaka minne, mwenye baba yake nyumbani, ataivuka, inshallah. Kumpeleka Ulaya kwa muda mfupi hivyo ni viza ya pili, bima ya pili, na kumtafutia malezi ya mchana, na miji mingi nafasi za malezi ni adimu. Ila usimruhusu mtu akwambie kwamba hukutakiwa kuuliza. Wanaume wanaokwenda huwa hawaulizwi watoto wamewaachia nani.

Binti Shela

Nyote Mungu awalipe. Salma, nimekaa na mama mkwe jana, tumezungumza vizuri, na amesema mwenyewe atahamia kwetu. Kaka Kombo, siku nimezihesabu: Aprili 3 hadi Juni 29 ni 88.

Mzee wangu, shikamoo. Dar nilifika wakati wa uzamivu na daftari ninalo. Sikujua kama ni la kutajwa. Hii hapa barua mpya:

“Profesa, salamu nyingi kutoka Shela. Nakuandikia kuhusu miswada mitatu ya mkono wa Muhamadi Kijuma iliyo katika mkusanyo wa Dammann, Berlin, ambayo namba zake nimeziandika hapa chini. Tenzi hizohizo ninazo kwa mikono ya wanakili wengine wa Lamu, na nimezilinganisha na nakala zilizoko Dar es Salaam. Katika nakala ambazo Kijuma aliwaandikia wageni, mianzo ya tenzi ni mifupi kuliko ile iliyobaki majumbani, na nataka kujua kama aliifupisha yeye au alinakili kutoka chanzo kingine. Jibu linategemea karatasi, wino na pambizo, mambo ambayo siwezi kuyaona katika picha.

Naomba, kama inawezekana na kama hutasumbuka, unipokee katika idara yako kuanzia Aprili 3 hadi Juni 29, unipe mahali pa kukaa na barua ya mwaliko ili niombe ufadhili wa DAAD. Kwa muda huo nitafurahi kusoma hati pamoja na wanafunzi wako saa mbili kila wiki na kutoa mhadhara mmoja. Ningependa pia tuelewane mapema jinsi usomaji wangu utakavyotajwa ukitumika katika kazi za idara. Naambatisha kurasa mbili za mpango wangu na ukurasa mmoja wa Kijuma nilioufasiri kwa hati za Kirumi, uone nasoma vipi.”

Mzee wa Pangani

Marahaba, mwanangu. Sasa hii ni barua! Ule ukurasa wa Kijuma ulioambatisha sikuufikiria mimi, nao ndio utakaofunguliwa kwanza.

Rekebisha mambo machache. Ondoa “na kama hutasumbuka”. “Kama inawezekana” inatosha kwa adabu. “Mahali pa kukaa” atadhani unaomba nyumba, andika “meza ya kufanyia kazi”. “Nilioufasiri” si neno lake hapo, hukufasiri, umeunukuu kwa hati za Kirumi. Na hoja yako ya mianzo mifupi, sema umeiona katika nakala ngapi, kwa sababu atauliza, na idadi ikiwa ndogo si aibu.

Tarehe umezichagua vizuri. Masomo ya kipindi cha kiangazi huanza Aprili na kumalizika katikati ya Julai, kwa hiyo wanafunzi watakuwepo, na jua linachelewa kuzama. Ungeomba Agosti au Septemba ungekuta milango imefungwa na wenyewe wako safarini, wengine huku kwetu.

Akishakubali, waandikie Staatsbibliothek moja kwa moja, kitengo cha miswada ya Mashariki, ukiwapa zile namba tatu na tarehe zako, uulize inaagizwaje na siku ngapi kabla. Kuisoma pale si lazima uwe mgeni wa chuo chochote, na barua ya profesa itakusaidia tu kufunguliwa haraka. Kama idara yake iko nje ya Berlin, weka nauli ya treni katika bajeti ya DAAD tangu mwanzo. Kutoka Leipzig ni kama saa moja na robo, kutoka kwingine ni zaidi.

Asipojibu kwa wiki tatu, mwandikie tena mistari mitatu, na chini yake acha barua ya kwanza yote kama ilivyo. Wakati unangoja, endelea kuifuatilia ile ruhusa ya chuo chako.